Deni Tulilokwenda Kulidai Lisbon



Tunaoandika makala haya ni watu wawili, dada wa tumbo moja, wenyeji wa Likoni. Mkubwa angali anaishi Likoni, si mbali na barabara iteremkayo kivukoni. Mdogo anaishi Den Haag, Uholanzi, tangu mwaka 2003. Tumeyaandika kwa simu, mmoja akisoma na mwengine akisahihisha, na kwa hivyo mtalikuta neno "sisi" kila mahali. Panapolazimu kututenga tutasema mkubwa au mdogo.

Mwaka jana mkubwa alikwenda Den Haag kuhudhuria nikahi ya binti wa pekee wa mdogo. Arusi ilikwisha salama, alhamdulillahi. Bi arusi akaenda kwake, wageni wakatawanyika, masufuria yakaoshwa na kurejeshwa kwa wenyewe. Tukabaki sisi wawili katika nyumba ndogo ya ghorofani, na siku 9 mbele yetu kabla ya mkubwa kurudi Mombasa. Hapo ndipo tulipotambua kwamba hatuna la kuzungumza. Siku zote za arusi maneno yetu yalikuwa ya pilau, ya wageni, ya nani alale wapi. Yalipokwisha hayo, kilichobaki kilikuwa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa na umri wa miaka 7.

Miaka 7 kabla ya arusi hiyo Baba yetu alifariki, na mdogo hakuja kumzika. Alipiga simu, akalia, akasema kazi imembana. Nyumbani neno lile lilipokewa kwa namna yake. Hakuna aliyemgombeza, maana aliyefiwa hagombezwi. Lakini lilisemwa uani, lilisemwa jikoni, na mkubwa naye alilisema: ni kazi gani hiyo isiyompa mtu ruhusa ya kumzika babake? Tangu siku hizo tulisalimiana, tulitumiana picha, tulipeana mkono wa Idi kwa simu. Hatukugombana wala hatukupatana.

Usiku wa tatu baada ya arusi, mkwe wetu mpya alikuja kututazama, akamkuta kila mtu ameinamia simu yake. Kijana mwenye adabu, hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba visa aliyopewa mkubwa ilimruhusu kuingia katika nchi nyengine nyingi za Ulaya, na kwamba si vyema mgeni kuondoka bila ya kutembezwa. Akaanza kutusomea majina ya miji ambayo nauli zake zilikuwa rahisi wiki ile. Budapest. Milan. Lisbon.

"Lisbon!" mdogo akasema. "Kwa kina Vasco!"

Tukacheka sote wawili, mara ya kwanza tangu arusi kwisha. Kijana hakuelewa tulichokicheka, lakini kabla hajaondoka alikuwa amekwisha kata tikiti za kesho yake.

Inafaa tuwaeleze. Baba alikuwa fundi cherehani katika Mji wa Kale, na kwa miaka 40 alivuka kivuko cha Likoni asubuhi na jioni. Siku zake za mapumziko alituchukua akatupeleka Ngomeni, akatukalisha kwenye kivuli cha ukuta, akatusomesha tarehe ya mji wetu kama yeye alivyoisikia kwa wakubwa wake. Kwamba Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Kwamba mwaka 1505 Wareno walirudi na merikebu za vita chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji, wakaupora na kuuchoma moto. Na mwaka 1528 wakarudia yale yale. Kwamba Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, wakakaa ndani yake, ukiondoa muda mfupi wa uasi wa Sultani Yusuf bin Hassan wa mwaka 1631, hadi Waomani walipoitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Darasa lake lilimalizika kwa maneno yale yale siku zote: "Mmoja wenu akijaaliwa kufika kwao, awadai. Awaambie, wana wa Mombasa wamekuja kuchukua chao." Kisha akicheka, akitununulia mihogo ya kukaanga, tukirudi ng'ambo.

Basi tulikwenda. Hatukuwa na mpango wala mtu wa kutupokea. Tulikuwa na mikoba miwili, misala miwili, kikopo cha udhu na visheti vilivyobaki arusini. Safari ya ndege kutoka Amsterdam ni ya saa tatu hivi. Tulifika jioni, tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi Martim Moniz, tukafikia katika chumba cha bibi mmoja mtu mzima ambaye hakujua lugha yetu nasi hatukuijua yake. Akatuonesha vitu kimoja kimoja, akivitaja kwa sauti kubwa kama mtu azungumzaye na viziwi. Alipofika kitandani akaupiga mto: "Almofada." Akaushika mfuko wake wa kitambaa: "Fronha."

"Foronya!" tukasema kwa pamoja.

Bibi akafurahi mno, akadhani tunajua Kireno. Tukakaa kitandani tukihesabu maneno ambayo Wareno waliyaacha kwetu: meza, bendera, leso, karata, foronya, na gereza, ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Baadaye tulikuja kujua kwamba hata lile neno lao la mto, almofada, wao walilitoa kwa Waarabu. Mto wa Kiarabu katika foronya ya Kireno, na sisi Waswahili tumeulalia.

Asubuhi tulitoka kuutazama mtaa. Mahali petu tulikuwa tumepachagua kwa urahisi wa bei, kumbe tulikuwa tumefikia pahala penye habari kubwa. Mtaa ule unaitwa Mouraria, yaani mtaa wa Waislamu. Lisbon ilikuwa chini ya Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, na wao wakiiita al-Ushbuna. Mwaka 1147 Mfalme Afonso Henriques aliiteka kwa msaada wa askari wa vita vya msalaba, na Waislamu waliobaki wakapewa sehemu hii chini ya kilima, nje ya ukuta. Wakakaa hapo karne baada ya karne, wafinyanzi, wafumaji, wauza mboga. Kisha Desemba 1496 Mfalme Manuel akatoa amri kwamba Waislamu na Mayahudi waondoke nchini mwake.

Tulipolifahamu hilo tulisimama njiani. Julai 1497, miezi saba tu baadaye, mfalme huyo huyo ndiye aliyemtuma Vasco da Gama baharini. Majahazi yaliyofika Mombasa yalitoka katika mji ambao ndio kwanza ulikuwa umewafunga mlango Waislamu wake. Baba hakutusomesha hilo. Yeye alituambia walitufanyia nini sisi. Hakutuambia kwamba kabla ya kuja kubisha hodi kwetu walikuwa na majirani zao wenyewe waliowatoa majumbani.

Na bado athari zao hazikuondoka. Mtaa wa jirani unaitwa Alfama, neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi za maji moto. Vigae vya rangi vilivyopamba kuta za nyumba huitwa azulejo, Kiarabu pia. Na Mouraria yenyewe leo imejaa Waislamu kwa mara nyengine: Wabangladeshi wenye maduka ya viungo na nyama ya halali, Wapakistani, Waafrika Magharibi. Tulitolewa salamu mara nne kabla ya kufika mwisho wa njia moja. Tulipanda vilima hadi magoti yakalalamika, tukala wali na samaki kwa Mbangladeshi mmoja, tukarudi chumbani tumechoka na tumefurahi. Siku ile tulizungumza sana, lakini yote yalikuwa ya mji.

Siku ya pili tulikwenda Belém, ufukweni, zilikoondokea merikebu zile. Humo katika kanisa la watawa wa Jerónimos ndimo alimozikwa Vasco da Gama. Tuliingia kama watazamaji wengine. Kaburi lake liko karibu na mlango, la jiwe lililonakshiwa, na juu yake sanamu yake imelala, mikono imekutanishwa kifuani. Watu walikuwa wakipiga picha. Sisi tulisimama tukiwa na maneno ya Baba vinywani, yale tuliyoyabeba tangu utotoni, na hakuna aliyeweza kuyatamka. Mzaha ule ulimhitaji mwenyewe.

Mdogo alianza kulia. "Baba angefurahi," akasema.

Mkubwa akamjibu, na hapa tunaandika kama lilivyosemwa, kwa kuwa tumekubaliana kutoficha: "La Vasco umelifikia. La Baba hujalifikia."

Mdogo hakujibu neno. Alifunga mtandio wake, akatoka nje. Tulipanda tramu kurudi mjini tumekaa viti mbalimbali. Mkubwa alijuta kabla ya kituo cha kwanza, lakini neno likishatoka halina njia ya kurudi.

Adhuhuri ilitukuta hatujui tuelekee wapi, nasi tukaona bora tukasali. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa mwaka 1985. Jumuiya ya Waislamu wa mji ule iliasisiwa mwaka 1968, na wengi wa waasisi wake walikuwa watu waliotoka Msumbiji, ambayo wakati huo ilikuwa koloni ya Ureno. Upande wa wanawake tulimkuta mama mmoja wa makamo aliyetusikia tukizungumza akageuka kwa haraka. Alikuwa mtu wa pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na lugha yake ni Kimwani, nduguye Kiswahili. Tulifahamiana nusu kwa maneno na nusu kwa mikono. Alishika kitambaa cha kichwani mwake akasema "lenço". Sisi tukamwonesha leso aliyoitoa mkubwa mkobani. Akatikisa kichwa: hiyo kwao ni capulana, lenço ni ya kichwani tu. Tukacheka, tukala visheti pamoja.

Kisha yule mama akamwuliza mdogo swali ambalo, kama tulivyokuja kujua, ndilo la kwanza wanaloulizana wageni wa Ulaya baada ya salamu: je, ana karatasi?

"Sasa ninazo," mdogo akasema.

Mkubwa alilisikia lile "sasa". Hakusema kitu pale. Alilichukua akatoka nalo msikitini, akatembea nalo hadi jioni.

Jioni miguu ilitupeleka mtoni. Lisbon iko kwenye mdomo wa mto Tejo, na mto hapo ni mpana kama mkono wa bahari. Lipo daraja refu la kuning'inia, lililofunguliwa mwaka 1966, lakini wapo watu wengi ambao bado huvuka kwa vyombo kwenda Cacilhas, ng'ambo ya kusini. Hatukuwa tumekusudia kuvuka. Tuliona tu umati wa watu waliotoka makazini, wamebeba mifuko ya mboga na watoto waliosinzia, wakielekea upande mmoja kwa mwendo ule wa mtu aijuaye njia hata akifumba macho, na miguu yetu ikawafuata bila ya kutuuliza. Watu wa Likoni watatuelewa. Tofauti ni kwamba kule mwenye miguu hulipa. Kwetu huvuka bure.

Ndani ya chombo palikuwa na harufu ya mafuta ya injini na maji ya chumvi. Kwa dasturi yetu tulisoma dua ya safari kimoyomoyo. Mtu wa ng'ambo yetu anayeikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, siku walipozama watu 272 katika kivuko cha Mtongwe, haingii chomboni hivi hivi. Tulikaa dirishani. Chombo kikang'oa nanga. Hapo mkubwa akauliza:

"Sasa unazo. Tangu lini?"

Mdogo alitazama maji kwa muda. Kisha akaeleza. Mwaka aliofariki Baba, ndoa yake ilikuwa imevunjika, kibali chake cha kukaa Uholanzi kilikuwa kimekwisha muda wake, na ombi jipya halijaamuliwa. Angetoka nje ya nchi asingeweza kurudi. Bintiye alikuwa na miaka 13, yuko shuleni, hana mwengine. Usiku wa kifo alikaa na mkoba uliofungwa mlangoni hadi alfajiri, kisha akaufungua, akazirudisha nguo kabatini.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, Da Mkubwa? Baba alikuwa akijisifu msikitini kuwa mwanawe yuko Ulaya na mambo yake yamenyooka. Ningemwambia nini, naye yuko kitandani? Nikasema kazi. Nilidhani hamtaamini. Nilidhani mtaniuliza." Akanyamaza. "Hakuna aliyeniuliza."

Kibali kilitoka miaka miwili baadaye. Lakini wakati huo alikwisha kusikia yaliyosemwa uani na jikoni, maana maneno hayahitaji visa, na haya ikamzuia kurudi.

Kuvuka kwenda Cacilhas ni kama dakika 10. Tulifika kabla hatujamaliza. Tukashuka na umati, tukakata tikiti nyengine, tukapanda chombo kile kile kinachorudi mjini. Kilikuwa karibu kitupu. Mdogo akasema: "Niambie alivyovuka. Siku ile. Nani alikuwa naye?"

Mkubwa akamweleza. Baba alifia hospitali kisiwani, alfajiri. Gari lililomchukua lilifika kivukoni asubuhi, saa ambayo Likoni nzima huelekea kisiwani kutafuta riziki. Sisi tulikuwa tunakwenda kinyume cha watu. Baba, aliyevuka na umati ule asubuhi zote za maisha yake, siku ile alivuka asubuhi kuelekea nyumbani, na chombo kilikuwa kitupu kama hiki. Mfanyakazi mmoja mzee wa kivukoni alichungulia garini akauliza, "Ni fundi?" Akaambiwa ndiye. Akaweka kiganja chake juu ya paa la gari, akasimama hivyo bila ya kusema neno mpaka tukafika ng'ambo.

"Nilikuwa naye mimi," mkubwa akasema. "Alivuka salama."

Tulivuka mara nyengine, na nyengine, hata mkata tikiti akatuzoea. Mkubwa aliomba radhi kwa neno la asubuhi na kwa yale ya miaka 7. Mdogo naye aliomba radhi kwa kusema uongo. Tuliporudi chumbani tulisali Magharibi na Isha kwa kukusanya, kama wasafiri, kisha tukala visheti vya mwisho.

Siku ya tatu, kabla ya ndege, tulipita maduka ya Martim Moniz tukanunua lenço sita za chapa moja. Wazee wetu husimulia kwamba leso ilianza hivyo: wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vya chapa, wakaunga vitatu kwa vitatu, wakapata vazi moja. Bibi mwenye nyumba alitusindikiza hadi mlangoni, akatuambia kwa ishara kwamba turudi tena. "Oxalá," akasema, na matamshi yake ni "oshala". Neno hilo nalo ni amana ya Waislamu wa mji ule, na ndani yake limo jina la Allah. Sidhani bibi yule alilijua hilo. Tukamjibu, insha'Allah.

Wareno hatukuwadai kitu. Tumerudi tukijua kwamba yaliyotendwa Mombasa yalitendwa, na kuyataja ni haki. Lakini deni tulilokuwa na uwezo wa kulilipa lilikuwa letu sisi kwa sisi, na lilikuwa likingoja swali moja la maneno machache. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nyumba nyingi za kwetu zina mtoto ng'ambo, Ulaya au Ghuba, ambaye hakuja kwenye maziko, au ameacha kutuma, au hapokei simu. Tunawausia akina mama wenzetu, kabla hamjalisema jikoni, mpigieni mwenyewe mumuulize. Na nyinyi mlioko mbali, semeni kweli yenu japo inaaibisha. Watu wa kwenu wataistahamili kweli kuliko mnavyodhani.

Mdogo alikuja Likoni mwezi wa Januari mwaka huu, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alisimama nje ya ukuta wa makaburi akamwombea Baba kwa muda mrefu, na mkubwa alisimama pembeni yake. Jioni tulikitoa cherehani cha Baba, tukakipangusa, tukakitia mafuta, tukaziunga zile lenço sita. Mshono haukunyooka. Fundi mwenyewe angeufumua wote akatuanzisha upya. Tumeuacha ulivyo, na leso tunapokezana: mwaka mmoja Likoni, mwaka mmoja Den Haag.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awakutanishe kwa kheri wote waliotenganishwa na bahari. Amin.